Kukandwa kwa Tiba: Yanayomngoja Mgonjwa Tangu Mlangoni Hadi Siku ya Tatu

Masaji ya tiba ni kukandwa mwili kwa mikono ili maumivu yapungue, misuli iliyokaza ilegee, au kiungo kilichogoma kukunjika kirudie mwendo wake. Inatofautiana na kuchuliwa kwa nyumbani, kule kwa jioni, kwa dawa ya kuchua ya Robb na mkono wa mwenzi, kwa jambo moja kubwa: mkandaji huuliza kwanza, akachunguza, akaamua pa kugusa na pa kuacha, ndipo akapaka mafuta. Anayekwenda mara ya kwanza akitarajia kulazwa kitandani papo hapo hushangaa kuona dakika 15 au 20 zikiishia kwenye maswali. Dakika hizo ndizo zinazoamua kama mikono itasaidia au itaumiza, na mgonjwa anayejibu kwa mkato ili amalize haraka hujipunja mwenyewe.

Katika soko la Kosele, jirani na Oyugis kwenye Kaunti ya Homa Bay, na kushuka hadi Migori, mwili huumizwa na kazi kabla ya kuumizwa na uzee. Kabondo ni nchi ya viazi vitamu, na viazi husafiri kwa lumbesa: gunia lililoongezewa kilemba kwa kamba hadi likavuka kilo 100, na mwisho wa safari ni lazima lipate mgongo wa mtu. Awendo kuna wakata miwa. Nyatike kuna wachimba dhahabu wanaojikunja mashimoni, na ufuoni mwa ziwa kuna wavuta nyavu. Mwendeshaji bodaboda hukaa kutwa mabega yameinuka, kila shimo la barabara likipokewa na kiuno chake. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo, mara kadhaa kwa siku. Ndiyo maana wengi wanaotafuta kukandwa huleta kiuno, shingo au bega.

Dalili hizo si za ukanda huu peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Mwongozo wa shirika hilo wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo huo unaitaja masaji miongoni mwa tiba zinazoweza kutolewa, pamoja na mazoezi na mafunzo kwa mgonjwa. Masaji imewekwa ndani ya kikapu kimoja na hizo nyingine, na inafaa hivyo: nafuu yake huja mapema na huweza kuondoka mapema. Inayokaa hutokana na mazoezi na kubadili namna ya kubeba mzigo.

Mgonjwa wa Kosele ana milango mitatu ya kubisha. Wa kwanza ni idara ya fiziotherapia hospitalini. Hospitali kubwa iliyo karibu ni ile ya Rachuonyo mjini Oyugis, na zaidi yake kuna hospitali za rufaa za Homa Bay na Migori, na ile ya Kisii ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Mlango wa pili ni kliniki ya kibinafsi. Hapo inafaa kujua kwamba Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014, iliyounda baraza la kuwaandikisha na kuwapa leseni wanaofanya kazi hiyo. Cheti cha baraza hubandikwa ukutani, na kuomba kukiona si ufidhuli. Aliyesomea kukanda kwa wiki chache anaweza kuwa na mikono mizuri sana, lakini hakufunzwa kutambua mgongo unaouma kwa sababu ya misuli na mgongo unaouma kwa sababu ya ugonjwa.

Mlango wa tatu upo kijijini. Kwa Wajaluo, nyamrerwa ni mwanamke mjuzi wa miti shamba, uzazi na watoto wachanga, na kukanda ni sehemu ya ujuzi wake. Pwani, kule Lamu na Mombasa, kazi inayofanana hufanywa na wakunga wanaomkanda mzazi kwa maji moto katika siku 40 za baada ya kujifungua, na wanaosinga maharusi kwa liwa. Hakuna sababu ya kuudharau mkono wa bibi aliyekanda miaka 30. Ziko, hata hivyo, kazi tatu ambazo hata bibi huyo hapaswi kuachiwa. Moja ni kumkanda mjamzito tumbo kwa nguvu au kujaribu kumgeuza mtoto, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kubanduka na damu ikatoka bila kuzuilika. Nyingine ni kukanda kiungo kilichovunjika au kuteguka upya. Ya tatu ni kuchanja chale na kusugua dawa kwenye damu, hasa wembe ukiwa mmoja kwa watu wengi: homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI huweza kupita kwa njia hiyo.

Maandalizi ni machache. Mgonjwa aende na kijitabu chake cha kliniki, barua ya daktari aliyemtuma kama ipo, picha za eksirei hata zikiwa za zamani, na dawa zote anazomeza, pakiti zenyewe kuliko majina ya kukumbuka. Kula mlo mzito muda mfupi kabla ya kulala kifudifudi ni kujitafutia kichefuchefu. Chakula chepesi saa mbili kabla kinatosha. Nguo ziwe pana na rahisi kuvua, na leso moja mkononi husaidia, kwa kuwa shuka za hospitali hazitoshi kila siku. Malipo yaulizwe kwenye dirisha la keshia mapema, pamoja na kipi kinalipiwa na bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024, na kipi hakilipiwi. Ni afadhali kujua kabla ya kuvua shati.

Kisha huja maswali. Maumivu yalianza lini, yalianza ghafla au polepole, yako wapi hasa, yanasambaa kwenda wapi, saa ngapi huzidi, nini huyapunguza. Mtaalamu huomba kuonyeshwa kwa kidole. Anayepitisha kiganja kizima kiunoni anaeleza jambo moja, na anayegusa kwa ncha ya kidole kimoja anaeleza jingine. Mtaalamu aliyezaliwa ng'ambo ya Oyugis mara nyingi ni Mkisii na mgonjwa ni Mjaluo, hivyo mazungumzo huenda kwa Kiswahili, na hapo maneno huanza kufanya kazi ya vipimo. Maumivu ya kudunga, ya kuchoma kama moto, ya kuvuta, ya kugonga, ya ganzi na ya kuwasha kama siafu ni vitu tofauti. Yanayovuta baada ya kazi na kulegea kwa joto mara nyingi ni ya misuli. Yanayochoma kama umeme kutoka tako hadi unyayoni, pamoja na ganzi, huashiria neva iliyobanwa, na huko hakukandwi kwa pupa.

Neno linaloleta mkanganyiko kuliko yote ni mshipa. Katika Kiswahili cha kila siku mshipa wa damu ni mshipa, neva ni mshipa, kano inayofunga msuli kwenye mfupa ni mshipa, na ngiri nayo ni mshipa. Mtu husema “mshipa umeruka” akimaanisha kwamba shingo imekaza na haigeuki, na mwingine husema vivyo hivyo kuhusu uvimbe kinenani unaotokeza akikohoa. Wa kwanza atakandwa, wa pili atapelekwa kwa daktari wa upasuaji. Mgonjwa akitumia neno hilo, mtaalamu mzuri haliandiki, humwuliza anachohisi. Na mgonjwa naye asione anasumbuliwa.

Maswali mengine yataonekana kama hayahusiani na kiuno. Je, kuna homa? Uzito umepungua? Jasho la usiku? Mkojo unatoka vizuri? Hayo ndiyo maswali ya kuamua kama atakandwa kabisa. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Huingia hata kwenye pingili za uti wa mgongo, na mgongo wa namna hiyo huuma kwa miezi, huuma hata mtu amelala, huandamana na homa za jioni na kukonda, na pengine pingili moja hutokeza kama kibyongo kidogo. Mgongo huo hukandwa kwa hatari ya kupooza. Mtu aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo au choo, au aliyekufa ganzi sehemu za kukalia, asisubiri foleni ya fiziotherapia. Aende idara ya dharura siku hiyo hiyo. Naye mwenye mwili mzima unaouma, baridi na kichwa, katika ukanda huu wa ziwa, apimwe malaria kwanza. Mafuta hayashushi homa.

Mguu mmoja uliovimba ni mtego mwingine. Muundi ukivimba upande mmoja, ukawa wa moto na kuuma, hasa baada ya upasuaji, kujifungua, kulazwa kwa muda mrefu au safari ndefu ya basi, damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Kukanda kunaweza kuling'oa bonge hilo likasafiri hadi mapafuni na kumuua mtu kwa dakika chache. Mtaalamu akiugusa mguu kama huo kwa ncha za vidole tu na kukataa kuendelea, hajamnyima mgonjwa huduma.

Ukanda wa ziwa ni mojawapo ya sehemu za Kenya zenye wagonjwa wengi wa selimundu. Maumivu ya selimundu huingia mifupani, mikononi, miguuni na mgongoni, na mzazi anayemwona mtoto akilia hunyosha mkono kumkanda kabla ya kufikiri. Kumpapasa kwa upole na joto la wastani huweza kumtuliza. Kumkanda kwa nguvu hapana, na barafu au kitambaa cha maji baridi ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa baridi hukaza mishipa ya damu na kuzidisha kile kile kinachosababisha maumivu. Maji ya kunywa kwa wingi, dawa ya maumivu na hospitali ndiyo njia yake, na masaji ni ya pembeni. Hili la selimundu lisemwe hata kama kilichomleta mgonjwa ni bega tu.

Vivyo hivyo miguu isiyo na hisia kamili. Kisukari huua neva za nyayo. Baadhi ya dawa za kale za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, hasa stavudine, ziliwaachia watu wengi nyayo zinazowaka na kufa ganzi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 dawa hiyo iachwe hatua kwa hatua, lakini waliokwisha kudhurika bado wapo. Hata isoniazid ya kukinga kifua kikuu huweza kuleta hali hiyo, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Katika Homa Bay, kaunti ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 uliiweka juu kabisa kwa kiwango cha maambukizi, swali la dawa huulizwa na kila mtaalamu aliye makini, na halina nia ya kumwaibisha mtu. Mguu usiohisi hauwezi kumwambia mkandaji kwamba amezidisha, wala hauwezi kusema kwamba chupa ya maji moto imeanza kuchoma. Mgonjwa akificha hali hiyo, malengelenge huonekana kesho yake.

Wanaomeza warfarin au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda huvia damu kwa mgandamizo mdogo. Kwa hao hata dawa ya kuchua ya dukani yenye harufu kali si ya kupaka ovyo, maana nyingi zina kemikali ya salisileti inayopenya ngozini na kuiongezea warfarin nguvu. Vidonda, ukurutu, majipu na mishipa ya damu iliyotutumka miguuni hurukwa. Uvimbe usiojulikana haukandwi. Mjamzito anaweza kukandwa mgongo na miguu kwa upole akiwa amelala ubavu, na aseme hata kama ujauzito ni wa wiki chache na haujulikani kwa mtu mwingine.

Jeraha jipya linastahili onyo lake. Kijana aliyepigwa paja kwa goti uwanjani, au aliyeanguka na bodaboda akagonga kiwiko, hupelekwa siku ile ile kukandwa “ili damu isilale”. Msuli uliopondeka ukikandwa kwa nguvu ukiwa bado unavuja damu ndani, mwili unaweza kujenga mfupa katikati ya msuli huo, na kiwiko kikabaki hakinyooki tena. Siku za mwanzo ni za kupumzisha, kuinua na kupoza. Kukanda kuna wakati wake, na kabla ya hapo lazima ijulikane kama mfupa ni mzima.

Baada ya maswali, mgonjwa huombwa asimame, ainame, ageuke, ainue mkono. Mtaalamu huangalia kwa nyuma bega lipi liko chini, hupima nguvu ya mguu kwa kumwambia asukume kiganja chake, na pengine hugonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Mwishoni hueleza alichokiona na anachotaka kufanya, kisha husubiri jibu. Ruhusa ya mgonjwa ni sehemu ya tiba. Anaweza kukubali mgongo akakataa shingo, anaweza kuomba mtaalamu wa kike, anaweza kuomba ndugu yake akae chumbani. Mtoto hakandwi bila mzazi kuwapo.

Kuvua ni jambo linalowatia wengi haya, na haya hizo zina haki. Utaratibu ni huu: mtaalamu hutoka au huvuta pazia, mgonjwa huvua nguo za sehemu inayotibiwa tu, hulala na kujifunika leso au shuka, na kinachofunuliwa wakati wowote ni kile kinachokandwa. Kikimalizika hufunikwa kabla ya kingine kufunuliwa. Nguo ya ndani haivuliwi. Hakuna tiba ya kiuno inayohitaji kugusa sehemu za siri au matiti. Anayefanya hivyo anaambiwa aache, mgonjwa huvaa na kuondoka, na malalamiko hupelekwa kwa msimamizi wa hospitali au kwa baraza lenyewe. Wasiwasi huu ni wa zamani. Mwaka 1894 jijini London, wakati jina masaji lilikuwa limechafuliwa na nyumba za ukahaba, wauguzi wanne waliunda chama cha wanawake waliofunzwa kukanda ili kuilinda kazi yao, na chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza. Bodi nyekundu za “masaji” katika miji ya Kenya leo zimelitia neno hilo doa lile lile, na huenda ndiyo sababu mlango wa hospitali unapendelea jina refu.

Kukanda kwenyewe huanza kwa mkono uliooshwa, kucha fupi na mafuta kidogo yaliyopashwa viganjani. Hospitalini mara nyingi ni mafuta yasiyo na harufu au poda. Kliniki nyingine hutumia simsim, nazi au njugu, na mwenye mzio wa njugu aseme kabla chupa haijafunguliwa. Mikono hupapasa kwanza, mipana na mizito, kutoka kiunoni kwenda mabegani na kurudi. Mpapaso huo huzoesha ngozi na kumwonyesha mkandaji palipo na joto, palipo na ubaridi, panapositasita. Kisha huja kukanda kwa maana ya asili, msuli ukishikwa, ukainuliwa na kubinywa kama unga wa chapati. Baadaye kusugua kwa ncha za vidole kukatiza nyuzi za msuli, na kugandamiza. Kugonga kwa kingo za viganja, kule kunakoonyeshwa sana katika filamu, hutumika kidogo. Majina ya Kifaransa ya mbinu hizi yaliyomo vitabuni yalisambazwa katika karne ya 19 na Johan Georg Mezger, daktari wa Uholanzi, lakini mikono ilikuwa ikifanya hivyo kila mahali kabla ya kupewa majina.

Mfano wa bega la mwendeshaji bodaboda unaonyesha vizuri kinachotokea. Kati ya shingo na bega, kidole gumba hupita juu ya nyama laini kisha hukutana na kamba iliyokakamaa, nene kama penseli, na ndani yake kinundu kama punje ya haragwe. Kidole husimama hapo. Mkandaji hugandamiza taratibu kwa sekunde 30 hadi 60, na mgonjwa, aliyelalamikia bega tu, huuliza kwa mshangao mbona kichwa ndicho kinachouma: maumivu yamepanda nyuma ya sikio hadi kwenye panja. Ramani za maumivu ya namna hii, yanayobonyezwa hapa na kusikika kule, zilichorwa kwa kina na Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, pamoja na David Simons, katika kitabu chao cha mwaka 1983. Wanasayansi bado wanabishana kinundu hicho ni kitu gani hasa. Kinacholegea chini ya kidole, na pumzi ndefu inayomtoka mgonjwa, hakibishaniwi. Mtaalamu huomba pumzi hiyo kwa makusudi, kwa kuwa anayebana pumzi hukaza kila kitu.

Kuna imani iliyoota mizizi kwamba kusipouma hakujatibu, na wagonjwa wengine hulipia mateso kwa fahari. Imani hiyo ni ya kuachwa. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, kukandwa kwenye nafuu hukaa kwenye 4 au 5, maumivu ambayo mtu anaweza kuyavumilia akiongea. Yakifika 7, meno yakaumana na ngumi zikakunjika, mwili umeanza kujilinda na msuli unakaza dhidi ya mkono uliokuja kuulegeza. Uvumilivu wa aliyezoea kubeba lumbesa ndio unaomponza, maana hasemi. Neno moja, “punguza”, linatosha, na halimkosei heshima mtu hata akiwa mzee au daktari. Ganzi inayoanza, mchomo wa umeme, kizunguzungu au kubanwa pumzi visemwe papo hapo.

Mambo mengine yasiyo na madhara hutokea na huwatia watu aibu bure: tumbo kunguruma, usingizi, kukoroma, machozi yasiyo na sababu, gesi. Mkandaji ameyaona yote. Kuzungumza au kunyamaza ni hiari ya aliyelala.

Sehemu ya mikono mara nyingi haizidi dakika 20 au 30, na ziara ya kwanza yote huchukua kama saa moja. Siku ya foleni ndefu hospitalini huwa fupi zaidi. Mwishoni mafuta hupanguswa na mgonjwa huambiwa asikurupuke. Shinikizo la damu hushuka mtu akiwa amelala na kutulia, hivyo akae ukingoni kwa dakika moja au mbili, miguu ikining'inia, kisha ndipo asimame. Wazee na wanaomeza dawa za presha wasaidiwe. Kama safari ya kurudi nyumbani ni ya bodaboda, ni busara kupumzika kwanza nje kwenye benchi, kisha kumwomba mwendeshaji apunguze mwendo kwenye matuta, maana mgongo uliotoka kulegezwa haupendi kurushwa.

Kabla ya kuondoka mgonjwa hupewa mazoezi mawili au matatu, aonyeshwe, kisha ayarudie mbele ya mtaalamu. Karatasi pekee haitoshi. Kwa mpakiaji magunia zoezi linaweza kuwa kukunja nyonga na magoti huku mzigo ukikaa karibu na tumbo. Kwa mama wa jembe, kubadilisha mkono wa mbele kila baada ya tuta na kusimama wima kila nusu saa.

Usiku wa kwanza na siku inayofuata misuli inaweza kuuma kama ya mtu aliyelima shamba baada ya likizo ndefu. Ni kawaida kwa saa 24 hadi 48. Maji ya kunywa hayadhuru, ingawa hadithi kwamba masaji hukamua sumu mwilini na maji huziosha haina msingi. Sumu ni kazi ya ini na figo, na hata asidi inayodaiwa kulala misulini baada ya kazi ngumu huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi. Joto la kitambaa cha maji moto kwa dakika 15 hutuliza. Likiwekwa juu ya dawa ya kuchua yenye kuwasha, huunguza ngozi, kwa hiyo kimoja kati ya hivyo viwili kinatosha. Kazi nzito ingoje kesho.

Siku ya tatu ndiyo ya kupima. Michubuko midogo inapaswa kuwa imefifia na mwendo kuwa afadhali kuliko kabla. Kinachomrudisha mgonjwa hospitalini bila kungoja miadi ni maumivu yaliyozidi badala ya kupungua, ganzi au udhaifu mpya wa mguu au mkono, uvimbe wa mguu mmoja, homa, mkojo uliogoma au usiozuilika, na maumivu ya kifua pamoja na kuhema.

Ziara zinazofuata huwa fupi, mara moja au mbili kwa wiki, na kila moja huanza kwa swali lile lile la nini kimebadilika. Jibu la kweli ni bora kuliko la adabu. Wagonjwa wengi husema “nafuu” ili wasimvunje moyo aliyewahudumia, na mtaalamu huendelea na njia isiyofaa kwa wiki tatu zaidi. Baada ya ziara nne hadi sita hesabu hufanywa wazi. Kama mtu sasa anainama kufunga kamba za viatu au analala usiku kucha, kukandwa hupunguzwa na mazoezi huongezwa mpaka aweze kuendelea peke yake nyumbani. Kama hakuna kilichosogea, kukanda husimamishwa, na mgonjwa hurudi kwa daktari na barua mpya, kijitabu na pakiti zake za dawa, uchunguzi uanze upya.